Shati la Mkwilima

Ijumaa, 7 Februari

Na wala si mlaini. Eti mlaini! Masunga amenipigia tena asubuhi nikiwa nafagia kibanda, anataka kujua kama mume wangu "mlaini" atafika kesho kwetu Dutwa au atatuma salamu. Masunga ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, na kuna siku natamani ningezaliwa peke yangu.

Nikamwambia atafika. Nikakata simu.

Shija ni fundi simu. Kibanda chetu kiko karibu na stendi hapa Bariadi. Skrubu ndogo kama kichwa cha sisimizi anaibana kwa kibanio chake, anaiweka mahali pake bila hata kupumua. Vidole virefu, vitulivu. Naweza kumtazama kutwa. Leo ni wiki ya sita tangu tufunge ndoa, na kila akiinamia meza moyo unanifanya kama nimekunywa soda baridi kwa haraka. Sijui wake wengine wanafanyaje kazi.

Kwetu mkwilima mpya, yaani mume wa binti, msimu wa kwanza lazima aonekane shambani kwa wakwe. Asipoonekana watasema kaoa kwa ajili ya picha. Baba ana ekari nne za pamba na funza wameshaingia kwenye vitumba. Kwa hiyo kesho ni kupiga dawa. Shija alikubali kabla sijamaliza kusema. Hajawahi kubeba bomba la dawa mgongoni maisha yake yote. Baba yake alikuwa mwalimu kule Binza.

Nimemkasirikia Masunga. Nampenda mume wangu. Hayo ndiyo ya leo.

Jumamosi, 8 Februari, mchana

Naandika haraka, nimejificha chumbani kwa mama.

Amemaliza mabomba sita! Masunga matano. Nilikuwa nimesimama kichwani mwa shamba na ndoo ya maji na nikashindwa kuzuia kigelegele. Shangazi alinicheka.

Bomba walilompa ni lile kuukuu, mfuniko unavuja, limefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Masunga amechanganya dawa mbili kwenye ndoo moja kwa sababu ile moja "haiui tena". Anapimia kifuniko cha soda. "Shemeji," akamwambia, "huku si kupulizia mbu chumbani." Wote wakacheka. Shija naye akacheka, akainamisha mgongo wakamvika bomba.

Shati lake la bluu limelowa kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Nilimwekea maji ya kuoga na sabuni. Lakini bafu liko nyuma ya jiko, na mlangoni pa jiko amekaa mama. Kupita kifua wazi mbele ya mama mkwe? Akanitazama kama nimemwambia aibe. "Litakauka tu," akasema. Amenawa mikono, amekaa na wanaume, anakula ugali na shati limemgandia mgongoni. Mama akipita anainamisha kichwa.

Shangazi kasema, "Huyu amelelewa."

Nilitaka kuruka. Wanaume wa adabu hii hawapo tena. Na mmoja ni wangu!

Jioni bado mabomba manne.

Jumatatu, 10 Februari

Nilitaka kuuchana ukurasa wa juu. Nimeuacha. Uwe ushahidi.

Niandike yote nisije nikajidanganya baadaye.

Saa tisa alasiri aliketi kwenye tuta. Bomba bado mgongoni. Jasho linamtoka kama amemwagiwa maji, machozi, kamasi, mate yanashuka mpaka kwenye kidevu. Masunga akapiga kelele, "Mkwilima analilia pamba!" Wakacheka. Baba akasema ni njaa. Shangazi akasema ni jua, watu wa kivulini hawaliwezi. Mume wangu anadondosha mate kama mtoto mchanga na watu wa kwetu wanacheka. Sitalisahau.

Nikamshika mkono. Nyama ilikuwa inarukaruka chini ya ngozi, huku na huku, kama mdudu anatafuta njia ya kutokea. Akatapika. Hapo kicheko kikaisha.

Masunga akakimbia nyumbani. Nikadhani kaenda kutafuta pikipiki. Karudi na maziwa. Kwetu kila mtu anajua maziwa yanazima sumu ya dawa. Wakamshika kichwa wakamnywesha kikombe kizima huku anakohoa na kuvuta hewa kwa sauti. Niandike hili pia: aliyeshika kikombe ni mimi.

Bodaboda ilipatikana baadaye sana. Dereva mbele, Shija katikati, mimi nyuma, nimemfunga kwangu kwa kitenge. Kichwa kimelala begani kwa dereva. Shati bado limelowa na lilikuwa linanilowesha mimi kifuani. Harufu ile bado ninayo puani.

Zahanati, nesi alimfunua macho. Mboni zilikuwa kama ncha ya sindano. Akainama akanusa. Hata jina hakuuliza. Alichukua mkasi akalikata shati kuanzia shingoni. "Mmemsafirisha na sumu yenyewe mwilini," akasema. "Njia nzima anaendelea kuinywa kwa ngozi." Akavaa glovu, akamwosha kwa sabuni, mara tatu, akanilazimisha na mimi nioge. Kisha sindano, kisha gari la wagonjwa mpaka Bariadi.

Sasa yuko wodini na mashine ya oksijeni. Anapumua. Kifua kinakoroma kama chungu cha maharage.

Wiki sita tu. Wiki sita!

Jumanne, 11 Februari

Daktari ni kijana wa Tanga, ana sauti ya chini. Nilimfokea. Nilimwuliza kwa nini wanampiga sindano ileile kila baada ya dakika chache, hawana nyingine? Hakukasirika. Akageuza boksi la dawa, akachora mistari miwili upande wa nyuma.

"Dada, baiolojia ulisoma?"

Nilisoma. Kidato cha nne nilipata C.

Mshipa wa fahamu haugusani na mwenzake, wala haugusi nyama. Kuna mwanya katikati, mdogo mno. Umeme ukifika mwisho wa mshipa hauwezi kuruka. Basi pale mwishoni kuna vifuko vidogo vimejaa kemikali. Umeme ukifika, milango inafunguka, kalsiamu inaingia ndani, vifuko vinasukumwa ukutani na kupasukia nje. Kemikali inamwagika kwenye mwanya. Hiyo ndiyo mjumbe. Inafika upande wa pili, inapokelewa, na nyama inakaza, au jasho linatoka, au mate. Mjumbe mwenyewe anaitwa asetilikolini.

Sasa mjumbe akishasema neno lake lazima aondolewe. Kuna kimeng'enya kazi yake ni hiyo, kumkatakata papo hapo ili ujumbe uishe. Dawa ya pamba inakikamata kimeng'enya hicho. Inakifunga mikono. Vifuko vinaendelea kupasuka, wajumbe wanarundikana, kila mmoja anapiga kelele neno lilelile. Toa mate. Toa jasho. Kaza. Kaza. Kaza. Mapafu yanajaa maji, moyo unapungua mwendo, nyama inachoka mpaka inashindwa kuvuta pumzi.

Ndivyo inavyomuua funza. Ndivyo ilivyokuwa inamuua mume wangu, kwa mlango uleule.

Sindano haimfungui aliyefungwa, akasema. Inaziba tu masikio ya upande wa pili ili kelele zisisikike. Ndiyo maana wanairudia mpaka kifua kikauke.

"Na maziwa?"

Akanitazama. "Nani alimpa maziwa?"

Hayazimi sumu, akasema, na mtu wa hali ile yanaweza kumwingia mapafuni.

Kinachoniuma ni kwamba ule mwanya niliujua. Kidato cha tatu. Niliandika "sinapsi", jina lake, kwenye mtihani nikapewa alama mbili na mwalimu akanisifu. Hakuna aliyetuambia kwamba ile sinapsi ndiyo hii, kwamba ndoo ya Masunga inaifikia. Wote darasani tulikuwa watoto wa pamba. Wote! Najikasirikia, namkasirikia mwalimu, na kile kitabu chenye mchoro wa rangi.

Alhamisi, 13 Februari

Kifua kimekauka. Daktari amefurahi. Mimi nimelia chooni.

Shija amefumbua macho, mboni zimekuwa kubwa, nyeusi, uso mwekundu, mdomo mkavu. Ni ile sindano, wanasema, itapita. Anashika kitu hewani kwa vidole viwili, anakiweka juu ya shuka, anashika kingine. Nikatazama muda mrefu ndipo nikaelewa. Anafungua simu. Anatoa skrubu ambazo hazipo.

Nikamwita. Akasema, "Dada, simu yako njoo saa kumi."

Mimi ni mteja.

Daktari anasema mjumbe huyuhuyu anafanya kazi ubongoni pia, kwenye kumbukumbu, kwenye kuwa macho na makini. Kule nako kulichafuka, na sindano nayo inachangia. Nimeuliza kama atarudi. Mume wangu, siyo mwili wake. Kasema wengi wanarudi. Vidole je? Kasema tusubiri.

"Wengi." Neno gani hilo la kumpa mtu.

Jumapili, 16 Februari

Amenijua! Alfajiri, kabla ya kitu chochote, aliniita jina langu la nyumbani ambalo hakuna anayelijua zaidi yake. Silitaji hata hapa. Nilimbusu mbele ya wodi nzima na mzee wa kitanda cha pili akageukia ukuta. Sijali.

Saa nne mama akaja na uji wa ulezi kwenye chupa. Nilimkuta mlangoni, sikumsalimia. Mimi, sikumsalimia mama yangu. Yeye ndiye aliyeanza, "Mwangaluka, mwanangu," kama kwamba mimi ndiye mkubwa.

Nikamtolea yote. Bomba bovu. Ndoo. Kicheko. Maziwa. Akasikiliza ameinamia chupa. Kisha akasema jambo ambalo bado linanichoma.

"Shati nililiona. Lilikuwa linachuruzika anapokula. Nilijua halifai. Sasa mimi ningemwambiaje mkwilima avue?"

Shija alikaa na shati kwa kumheshimu mama. Mama alinyamaza kwa kumheshimu yeye. Na mimi katikati, niliyeweza kumwambia mmoja vua na mwingine ondoka hapo mlangoni, nilikuwa chumbani naandika jinsi alivyolelewa vizuri.

Nikamwambia mama sitakanyaga Dutwa tena. Si mwaka huu wala mwaka ujao. Nikamrudishia uji wake.

"Mayu, mama yangu," nikamwita alipokuwa ameshafika kwenye geti. Hakusikia. Au alisikia.

Alhamisi, 20 Februari

Tuko nyumbani. Chumba chetu, pazia letu. Nilitandika mashuka ya harusi.

Siku nzuri haikudumu. Mchana alitaka kibanio chake. Nikampa na simu mbovu ya kuchezea. Skrubu ya kwanza ikadondoka. Ya pili. Ya tatu. Vidole vinatetemeka, kidogo tu, lakini kwa kazi yake kidogo ni kingi. Akaitupa simu ukutani.

Nikasema polepole, vidole vitarudi. Akanifokea. "Utajua wewe? Wewe ni daktari?" Shija ambaye hajawahi kunipandishia sauti. Akaniuliza chumvi iko wapi, nikamwambia, baada ya dakika akauliza tena, nikamwambia, akauliza tena.

Mara ya nne nikapiga kelele. "Si ungelivua lile shati! Ungekufa kwa aibu? Si nusura ufe kwa adabu!"

Nilitaka kuyarudisha yale maneno mdomoni.

Nampenda na nimemkasirikia na nampenda. Ndiyo ndoa hii? Kwenye semina ya ndoa walitufundisha kuombana msamaha kabla ya kulala. Tulilala kila mtu na ukuta wake.

Jumatano, 26 Februari

Kliniki. Nilimbana yule daktari mpaka aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni akaanza kukohoa.

Kimeng'enya kilichofungwa siku nyingi hivi hakifunguki tena. Hilo limekwisha. Lakini mwili unatengeneza vipya, kila siku, polepole, kwa wiki nyingi. Asisogelee dawa kabisa, hata ya mbu, hata kupita karibu na shamba linalopigwa. Ale. Alale. Asikasirishwe. (Alinitazama mimi aliposema hili. Nani kamwambia?)

Nikiwa njiani nilifikiria. Ndani ya mume wangu kuna mafundi wapya wanaingia kazini kila asubuhi, mmoja mmoja, na hawajui lolote la Dutwa. Sijui kwa nini jambo hili lilinifanya nicheke barabarani. Nilimshika mkono mbele ya watu wa stendi na hakuutoa.

Jioni aliniomba msamaha. Na mimi nikaomba. Akasema, "Kweli, ningekufa kwa aibu." Tukacheka mpaka mpangaji wa jirani akagonga ukuta.

Nikampikia wali na kuku. Mrembo wangu.

Jumatatu, 3 Machi

Ametengeneza simu! Sehemu ya kuchajia, simu ya mwanamke muuza nyanya. Imemchukua saa tatu, kazi ya dakika ishirini. Skrubu moja ilidondoka, akaiokota mwenyewe, akairudisha. Sikupumua mpaka alipofunga mfuniko. Mama nyanya hakujua ameona nini. Alilalamika kuchelewa, akaondoka.

Nilimkumbatia Shija mbele ya kibanda. Vidole bado si vile. Lakini ni vyake.

Kumbukumbu ya siku ile nayo inarudi vipande vipande. Nilikuwa nimeogopa irudi. Jioni alikuwa anasafisha kibanio, akasema bila kuniangalia:

"Kaka yako anatetemeka."

Nikauliza lini.

"Siku ile asubuhi, kabla sijavaa bomba. Alikuwa anapima kwenye kifuniko, nusu ikamwagika vidoleni. Nikajisemea, huyu asingeweza kazi yangu. Na jicho la kushoto, kope inaruka. Muda wote."

Nikasema Masunga siku zote yuko hivyo msimu wa dawa. Nikalisikia neno langu likiwa limeshatoka.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa nilimpigia mama. Mara ya kwanza tangu ule uji. Sikuomba radhi, niliuliza tu habari za Masunga, na mama akazungumza kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa. Halali vizuri. Anashtuka usingizini. Kichwa kila siku. Amempiga ng'ombe kwa hasira mpaka baba akamnyang'anya fimbo. Ametuma mtoto dukani mara mbili kwa kitu kilekile. Kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Na ameshapiga dawa tena mara mbili tangu siku ile. Bomba lilelile. Lile alilovaa mume wangu.

Misimu kumi amelibeba. Aliacha shule ili alibebe, mimi nikaendelea.

Nikampigia yeye. Alipokea akicheka, kicheko cha kumficha mtu. Nikamwambia alichosema daktari, vifuko, mjumbe, kimeng'enya, kwamba mtu anayelowa kidogo kidogo kila wiki hupungukiwa nacho bila kuanguka siku moja kama Shija. Kwamba aje aonwe.

"Mimi mwili wangu umeizoea," akasema. "Shemeji ndiye aliyekuwa mgeni."

Umeizoea! Nilimfokea mpaka watu wa kanisani wakageuka. Mjinga. Mjinga mkubwa. Kwa mwezi mzima nimemchukia kwa kukaribia kumuua mume wangu, na kumbe anajiua mwenyewe mbele ya mama, msimu baada ya msimu, na mama anapika ugali.

Kabla hajakata akauliza, sauti ndogo, "Anaendeleaje lakini?"

Nikamwambia anaendelea vizuri. Akasema, "Afadhali." Akarudia tena, "Afadhali," kama amesahau ameshasema.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua tangu asubuhi. Hakuna wateja. Shija amelala kwenye benchi, kichwa mapajani kwangu, mkono mmoja umening'inia. Nimeutazama muda mrefu. Umetulia. Wakati mwingine kidole cha pete kinaruka kidogo, kisha kinatulia tena.

Daktari amesema Masunga aje siku yoyote, hata bila cheti. Nimwambie aje na nguo safi na aache bomba kuanzia leo. Nimempigia mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza hakupokea. Ya pili alisema ataangalia.

Hataangalia. Namjua.

Shija amesema tuende. Nilimwambia mimi nilishaapa. Akasema basi atakwenda yeye, na nikamwona akishuka Dutwa peke yake na ile adabu yake. Hapana.

Nimemwandikia mama ujumbe. Nimeufuta mara tatu. Uliokwenda ni mfupi: shikamoo, tutakuja kabla mwezi haujaisha, mimi na Shija, msichinje kitu, na Masunga asiambiwe asije akakimbilia mnadani. Nitamgombeza kwanza, pale uani, na mama asinizuie. Masunga akimaliza kunitukana tutapanda naye gari la kurudi Bariadi kwa daktari, mimi upande mmoja, Shija upande mwingine.

Mama amejibu neno moja. Njooni.